Kigae Huzungushwa Kitovuni, Si Konani

Somo lile la vigae vya gredienti katika Blender limeharibiwa na nodi moja. Mmeliangalia, na mnajua ninayoisema: Absoluti, iliyochomekwa mwishoni baada ya vigae kadhaa kugeuka vyeusi tii. Weusi ulipotoweka, mwalimu akahamia kwenye rangi kana kwamba kazi imeisha. Haikuwa imeisha, kosa lilikuwa limefichwa.

Mwanzo wake ni safi: UV mara 8, Floo inatoa anwani ya kigae, Fraksheni nafasi ya ndani, na kelele nyeupe inapewa anwani ili igawe robo-mizunguko minne. Tatizo ni nodi ya kuzungusha vekta, ambayo kitovu chake kiliachwa kwenye sifuri. Sifuri ya Fraksheni ni kona ya chini kushoto. Kwa hiyo kigae kinazunguka kama mlango kwenye bawaba, nacho kilipaswa kuzunguka kama feni.

Fuateni hesabu. Kwa nyuzi 0, X inabaki X. Kwa 90, X mpya ni Y yenye alama ya kutoa. Kwa 180 ni X yenye alama ya kutoa. Kwa 270 ni Y. Gredienti ya mstari hukata kila kilicho chini ya sifuri, basi vigae vya 90 na 180 vinazimika vyote. Weusi ule ulikuwa ushahidi kwamba kitovu kimekosewa, na fundi aliyeuona alipaswa kurudi nyuma nodi moja tu. Yeye akasonga mbele, akafuta alama ya kutoa. Matokeo yake 0 na 180 sasa zinatoa kigae kilekile, 90 na 270 nazo vivyo hivyo. Pande nne zimebaki mbili! Itazameni tena picha yake ya mwisho: hakuna kigae hata kimoja kinachong'aa kuelekea kushoto wala kuelekea chini. Gridi nzima inavuta jicho kwenye kona ya juu kulia, halafu tunaambiwa ni ya kubahatisha.

Hata kwa kiraka, kilikuwepo kilicho bora zaidi. Fraksheni ya pili mahali pa Absoluti ingeokoa pande zote nne, ingawa kwa nyuzi 45 ingeacha mshono katikati ya kigae.

Mwaka 1704 mtawa wa Kikarmeli, Sébastien Truchet, alichapisha Ufaransa uchunguzi wake juu ya kigae kimoja kilichokatwa mshazari kwa rangi mbili. Alihesabu jozi 64 za vigae viwili kwa sababu aliheshimu pande zote nne za kila kimoja. Hakuwa na kadi ya michoro. Ken Perlin naye, aliyeipa kila pointi ya gridi gredienti yake katika kelele aliyoichapisha mwaka 1985, alirudi mwaka 2002 akapunguza mielekeo hadi 12, kwa makusudi, ili kuondoa upendeleo wa mwelekeo. Huyu wetu amepunguza mielekeo na upendeleo akauingiza.

Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea: tabia ya kuficha kosa kwa nodi nyingine ndiyo inayoua masomo haya, na ukanda wa rangi ndio mficho unaopendwa kuliko yote. Namshukuru angalau kwa kutumia kelele nyeupe, iliyokuja na toleo la 2.81 mwaka 2019. Bado wapo wanaolisha anwani za Floo kwenye kelele ya Perlin, ambayo kwenye namba nzima hutoa sifuri daima. Nodi inawarudishia 0.5 kwa kila kigae, nao wanashangaa kwa nini vyote vimelala upande mmoja.

Dawa ni kuandika 0.5 na 0.5 kwenye kitovu, kisha kuifuta Absoluti. Mwenye kutaka pembe yoyote ile, si robo tu, akumbuke kwamba kwa nyuzi 45 kona za kigae hufika -0.207 na 1.207. Aweke nodi ya kubadili masafa, achukue mipaka hiyo miwili na kuirudisha 0 hadi 1 kabla ya gredienti, la sivyo kona zitakatwa bapa.