Saa Haina Mjomba

Husemwa kuwa riadha ni mchezo wa haki kuliko yote, kwa sababu saa haina mjomba. Wale wanaocheza juu ya barafu kwa viatu vya kutelezea hutegemea alama za majaji na uamuzi wa kamati. Mwaka 1994 Marekani ilimwacha Michelle Kwan, aliyekuwa wa pili katika mashindano ya taifa, ikampeleka Nancy Kerrigan ambaye hakushindana kwa kuwa alikuwa amepigwa mguuni. Kerrigan akarudi na medali ya fedha. Mkimbiaji, tunaambiwa, yuko mbali na mambo hayo.

Mimi niliacha kuamini hivyo nikiwa darasa la sita huko Singida. Siku ya kuchagua timu ya wilaya mwalimu alikuja na saa yake, akatukimbiza, akaandika majina. Alipokwisha kufunga daftari akatokea mwenzetu wa kitongoji cha mbali, vumbi hadi magotini. Alikuwa njiani kwa miguu tangu alfajiri. Akaambiwa asubiri mwakani. Mwalimu hakumpendelea mtu, nami simlaumu sana. Lakini saa haiwezi kumtendea haki mtu isiyemwona.

Tazama marathoni. Muda wa kufuzu kwa wanaume katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ulikuwa saa 2:19:00. Kwa Paris mwaka 2024 ukawa 2:08:10. Kila nchi hupewa nafasi tatu tu. Jirani zetu Wakenya wanasumbuliwa na wingi: mwaka 2012 walimwacha Geoffrey Mutai, aliyekuwa amekimbia Boston kwa 2:03:02 mwaka uliotangulia, na hata Patrick Makau aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Dhahabu ikachukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda! Huko angalau kuna kamati ya kulaumiwa.

Sisi Paris tulipeleka wanaume wawili. Basi uchaguzi wetu haufanyiki mezani, bali mapema zaidi: nani amepata mwaliko, viza na nauli ya kwenda kukimbia katika njia iliyopimwa na kukubaliwa. Huo nao ni uchaguzi, ingawa hauna kikao wala muhtasari, na kwa hiyo hakuna anayeukatia rufaa.

Mtu atanijibu kwa kumtaja Alphonce Simbu, mwana wa Ikungi, askari wa JWTZ. Septemba 2025, mjini Tokyo, alikuwa bingwa wa dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Lakini muda wake siku ile ya joto ulikuwa 2:09:48, na muda wa kufuzu kwa mashindano yale yale ulikuwa 2:06:30. Simbu alikuwa amekwisha kukimbia kwa kasi zaidi kwingineko; Aprili alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Yeye alifika mahali saa ilipo. Kijana mwenye mapafu ya kushinda katika joto, asiyepata tiketi ya kwenda kutafuta muda mzuri penye baridi, tutamjulia wapi?

Mwenzetu yule hakuja mwaka uliofuata. Nilimkuta miaka mingi baadaye mnadani akiuza kuku. Tulizungumza habari za mvua.