Risasi Zilizovikwa Karatasi: Chanzo cha Kutawanyika kwa Shabaha

Risasi ya kusubu iliyovikwa karatasi ilibuniwa kwa sababu madini yake ni laini. Ikisukumwa kwa kasi ndani ya mtutu wenye mifereji, huacha utando wa madini kwenye kuta, na mtutu uliochafuka hivyo haulengi tena sawasawa. Karatasi iliwekwa ili risasi na chuma visigusane. Martini-Henry, bunduki iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilitumia risasi ya greni 480, karibu gramu 31, iliyosubiwa kwa sehemu 12 za madini ya risasi na sehemu 1 ya bati, na kusukumwa na greni 85 za baruti nyeusi. Tundu la mtutu wake lilikuwa na kipenyo cha inchi 0.45. Ndani mlikuwa na mifereji 7 iliyobuniwa na Alexander Henry wa Edinburgh, iliyokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 22.

Bunduki ya aina hiyo inapotawanya risasi, wengi hukimbilia kubadili kiasi cha baruti. Haraka hiyo huficha chanzo. Panapofaa kuanzia ni kwenye karatasi yenyewe, kwa kuwa vipande vyake hubaki chini mbele ya mtutu na vinaweza kuokotwa na kukaguliwa.

Karatasi hukatwa kwa mshazari, hulowanishwa, kisha huzungushwa mara mbili kwenye risasi bila ncha zake kupandana. Mkia wake hukunjwa chini ya kitako. Ikikauka hubana. Ndani ya mtutu, matuta yaliyo kati ya mifereji huikatakata, na risasi inapotoka, mzunguko na upepo huipukutisha. Vipande vyembamba vilivyotapakaa hatua chache mbele ya mdomo ni dalili njema. Vikiwa vimeungua, gesi ya moto imepenya pembeni mwa risasi, na hapo hukaguliwa diski za kadibodi na nta zinazokaa kati ya baruti na kitako. Karatasi iliyokatika kwa duara huashiria ukingo mkali mahali chemba inapokutana na mifereji. Lililo baya zaidi ni karatasi kung’ang’ania risasi hadi angani: risasi nne hukaa pamoja, ya tano huenda kando bila sababu inayoonekana. Mara nyingi dawa yake ni karatasi nyembamba zaidi, au mkia mfupi usiojaa kitakoni.

Vipande vikiwa sawa na shabaha bado mbaya, swali linalofuata ni la vipimo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kuna njia mbili za zamani. Katika ya kwanza, risasi pamoja na karatasi yake hulingana na tundu, yaani umbali kati ya tuta na tuta. Madini yakiwa laini, pigo la ghafla la baruti nyeusi hukivimbisha kitako hadi kijaze mifereji. Ya pili, iliyoshikwa na William Ellis Metford, ilitumia risasi ngumu zaidi na mifereji ya kina kidogo, hivyo uvimbe mkubwa haukuhitajika. Kila njia ina mantiki yake. Kuzichanganya ndiko kunakoharibu. Risasi ngumu iliyopimwa kwa tundu la mifereji yenye kina haivimbi vya kutosha. Gesi huipita, karatasi huungua, na mtutu hupata utando uleule uliokuwa ukikwepwa.

Kipimo cha kiwandani hakitoshi, kwa kuwa mitutu mikongwe ya muundo mmoja hutofautiana. Kipande cha madini laini husukumwa taratibu kwa fimbo katika mtutu uliopakwa mafuta, kisha hupimwa kwa mikromita. Mkono nao huhisi palipobana na palipolegea. Unene wa karatasi huhesabiwa mara nne katika kipenyo, kwa kuwa kuna mizunguko miwili kila upande: karatasi ya milimita 0.05 huongeza milimita 0.2. Tofauti ndogo ya karatasi hivyo huweza kuokoa kalibu iliyodhaniwa haifai.

Masizi yana dalili yake: risasi za mwanzo hukaribiana, zinazofuata huachana. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama mabaki yasiyo gesi, nayo hukauka na kuwa magumu. Karatasi ikipita juu yake hupasuka mapema. Katika shindano la Creedmoor, New York, mwaka 1874, Wamarekani waliotumia bunduki za Remington na Sharps waliwashinda Waayalandi kwa pointi 934 dhidi ya 931, katika masafa ya yadi 800 hadi 1,000. Kwa umbali kama huo, kitambaa chenye unyevu kupitishwa mtutuni kati ya mlio na mlio si anasa.

Matundu ya mviringo ulioinama kwenye shabaha husema jambo jingine: risasi inayumba. Kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879, inayokadiria mzunguko wa mifereji unaohitajika, huzidisha kipenyo cha risasi kwa kipenyo, kisha kwa 150, na kugawa kwa urefu. Risasi ya inchi 0.45 yenye urefu wa inchi 1.35 huhitaji mzunguko mmoja kila inchi 22.5, na Martini-Henry huutosheleza. Ikirefushwa hadi inchi 1.6, huhitaji inchi 19, na mtutu huo haufiki. Mdomo uliolika upande mmoja nao huyumbisha risasi, hata ya urefu unaofaa.

Baruti hubadilishwa mwisho, kidogo kidogo, bila kugusa kitu kingine katika jaribio hilohilo. Iwe nyeusi tu, kwa sababu shinikizo la baruti isiyo na moshi linaweza kuupasua mtutu wa enzi hiyo, na isiachiwe nafasi tupu kati yake na kitako cha risasi.