Wachache Ndani ya Ukuta: Filamu Kongwe za Vita na Wasimulizi Wake Njombe na Makambako

Kuna filamu za vita zilizotengenezwa zaidi ya miaka sitini iliyopita, nazo zatazamwa hata leo kana kwamba zimetoka jana. The Bridge on the River Kwai ni ya mwaka 1957, Lawrence of Arabia ya 1962, na Zulu ya 1964. Filamu nyingi za miaka ile zimesahauliwa pamoja na wachezaji wake, hizi zimebaki. Yafaa tuulize ni kitu gani kilichozihifadhi.

Jawabu lililozoeleka ni ukubwa wake: majeshi ya watu halisi, farasi halisi, jangwa lisilo na mwisho, na muziki wa kutikisa kuta. Jawabu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mtu akitaka kuliona pungufu lake na aingie katika banda la video pale Makambako, barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapotoa tawi la kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapopita. Ndani ya banda kuna mabenchi, giza, na runinga ambayo juu yake jangwa lote la Arabuni halizidi upana wa mkeka wa mtoto. Ukubwa umeachwa mlangoni. Hata hivyo watu hukaa hadi mwisho, ingawa wengi wamekwisha kuiona filamu hiyo na waujua mwisho wake. Basi kilichowashika si ukubwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu hizi zadumu kwetu kwa sababu mbili: umbo lake ni umbo la utenzi, na ukimya uliomo ndani yake humwachia msimulizi nafasi. Nitachukua filamu moja tu, Zulu, maana yawagusa watu wa Njombe kwa karibu kuliko wanavyodhani.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Cy Endfield, yahusu vita vya Rorke's Drift vya tarehe 22 na 23 Januari 1879. Waingereza wapatao 150 wamo katika misheni ya Kiswidi iliyogeuzwa hospitali na ghala; Wazulu wapatao 4,000 wawajia. Wachache hao wajenga ukuta kwa masanduku ya biskuti na magunia ya mahindi, mzigo ambao hakuna mtu wa Makambako asiyeujua uzito wake. Yafuata kungoja, kisha vita, kisha usiku, kisha asubuhi.

Msomaji wa tenzi atautambua mpango huo mara moja. Katika tenzi zetu za vita, tangu Utendi wa Tambuka wa karne ya 18, habari huja, mashujaa hutajwa mmoja mmoja, jeshi hupangwa, watu huagana, ndipo panga zichomolewe. Msikilizaji hangoji kujua nani atashinda. Hungoja kuona kila mtu atasimamaje saa yake itakapofika. Zulu yaanza kwa habari ya kushindwa kwa Waingereza huko Isandlwana, na yaisha kwa kuyasoma majina ya watu 11 waliopewa nishani ya Victoria Cross. Hii ni desturi ya malenga, ingawa aliyeitengeneza hakuisoma kwetu.

Ushahidi mwingine ni filamu ya pili. Mwaka 1979 ilitolewa Zulu Dawn, yenye kusimulia Isandlwana yenyewe, vita vikubwa zaidi na vyenye maana zaidi, ambavyo Wazulu walishinda. Lakini haikupendwa kama ya kwanza. Vita vya uwanjani, ambavyo jeshi zima laangamia kwa makosa ya wakubwa wake, havina ukuta. Na pasipo ukuta mtazamaji hajui asimame wapi. Ukuta ndio umpao mahali.

Hapa ndipo lawama yangu inapoanza. Mtazamaji wa Zulu amewekwa ndani ya ukuta pamoja na Waingereza, tena amewekwa huko kwa njia ya lugha. Mwingereza apewa jina, cheo, ugomvi na mwenziwe, maradhi, hofu, hata mzaha. Mzulu apewa wimbo, ngao na hesabu. Asemapo, maneno yake hayafasiriwi. Mangosuthu Buthelezi, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri wa Afrika Kusini, alicheza katika filamu hii kama Mfalme Cetshwayo, babu wa mama yake. Lakini mfalme huyo hatupi usemi wa kukumbuka. Watu 4,000 wameletwa mbele yetu, nao ni mabubu.

Lakini bubu huyo, afikapo Makambako, hupata ulimi. Desturi ya kuisimulia filamu kwa Kiswahili si ngeni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wale walioendesha majaribio ya filamu za elimu huko Vugiri, Usambara, walitia maelezo ya lugha za Kiafrika katika sahani za santuri na kuyapiga pamoja na picha. Baadaye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalizunguka vijijini na mfafanuzi mwenye kipaza sauti. Katika zama za video, Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, aliipa kazi hiyo sifa mpya hapa Tanzania, kama DJ Afro alivyofanya Kenya. Huitwa watafsiri, lakini jina hilo lawapunja. Mtafsiri hufuata maneno yaliyopo. Hawa hutunga pale ambapo hapana neno.

Nilipata kuitazama Zulu hapo Makambako ikiwa na sauti ya msimulizi mmoja wa namna hiyo. Katika filamu kuna mahali ambapo mkuu wa Wazulu apeleka vijana mbele wapigwe risasi, ili azihesabu bunduki za adui. Jambo hilo twaelezwa na mtu aliyemo ndani ya ukuta, nasi hutetemeka kwa ajili ya waliomo ndani. Msimulizi aliuacha ukuta kabisa. Alimchagua kijana mmoja wa mstari wa mbele, akampa jina la Kibena, akampa mama aliyemwekea chakula, na akaeleza kwamba kijana yule alijua ametumwa kwa ajili gani. Banda likanyamaza. Risasi zilipolia hapakuwa na aliyeshangilia. Filamu ilikuwa ile ile, picha hazikuguswa, na bado ukuta ulikuwa umezungushwa.

Sitaki kuwasifu wasimulizi kupita kiasi. Nimemsikia mwingine akiwahesabu Wazulu waanguka­o kama mtu ahesabuye magoli, na wasikilizaji wakamwitikia kwa furaha. Nafasi iliyoachwa na ukimya yaweza kujazwa kwa huruma au kwa upuuzi. Lakini neno hili lathibiti: kwetu sisi, nusu ya filamu hutungwa hapa.

Je, kwa nini jambo hili liwe na uzito zaidi Njombe kuliko mahali pengine? Kwanza, Wangoni waliotoka kusini kwa ajili ya vita vya zama za Shaka, wakavuka Zambezi mwaka 1835, ndio ambao vizazi vyao viliingia Ungoni na kushambulia Ubena. Wakati Rorke's Drift inapigwa, Wangoni na Wahehe walikuwa katika vita vyao vya 1878 hadi 1882, na Ubena iko kati yao. Kwa hiyo Mzulu wa runingani si mgeni kabisa. Ni jamaa wa adui wa zamani ambaye baadaye aligeuka jirani na mkwe.

Pili, na hili ndilo kubwa, Njombe ina Rorke's Drift yake. Mnamo Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kibena na Kipangwa waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, si mbali na mji wa Njombe. Ndani alikuwamo mmisionari Paul Gröschel pamoja na Wakristo Wabena. Misheni, wachache wenye bunduki, wengi wenye mikuki, na mashambulio yaliyorudishwa nyuma: ni hadithi ile ile, isipokuwa neno moja. Hapa waliokuwa ndani na waliokuwa nje walikuwa watu wa lugha moja. Yawezekana kabisa kwamba mtu alizitambua sauti za nduguze upande wa pili. Wajukuu wa pande zote mbili leo hukaa benchi moja, na hukaa kanisa moja.

Mtengenezaji wa Zulu hakuwa na haja ya kulifikiri jambo hilo, sisi tunayo. Karibu na mwisho wa filamu yake, Wazulu wawaimbia Waingereza wimbo wa kuwasalimu kama mashujaa wenzao. Tukio hilo halikutokea. Lililotokea ni kwamba Wazulu wengi waliojeruhiwa waliuawa baada ya vita. Ndivyo filamu kongwe za vita zifanyavyo: huufunga mlango ushujaa ukiwa ungali unang'aa, kabla ya njaa kufika. Majimaji haikwisha kwa saluti. Ilikwisha kwa mashamba na maghala kuchomwa, na kwa njaa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Fasihi yetu imekwisha kuonyesha kwamba yaweza kuubeba mzigo huo. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulichapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1957, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikatoka mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo swali si nani shujaa, bali neno la kuwaunganisha watu lageukaje kuwa neno la kuwaua. Zulu haina swali la namna hiyo, na kwa sababu hiyo, pamoja na uzuri wake, ni kazi ndogo kuliko inavyoonekana.

Hata hivyo sisemi iachwe. Yastahili kutazamwa, kwa kuwa umbo lake ni imara kiasi cha kumpokea msimulizi apendaye kuupindua ukuta. Ninachoomba ni hiki. Vyuo vyetu vimekusanya tenzi, methali na ngano, na vimefanya vyema. Sauti za wasimulizi wa filamu bado huhesabiwa kuwa kelele za mabandani. Sasa mabanda mengi yaishi kwa kabumbu ya Ulaya, na kanda za zamani zaoza. Mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti, akiketi Makambako na Njombe kwa msimu mmoja, aweza kuokoa mengi. Yule kijana aliyepewa jina la Kibena na mama wa kumngoja hayumo katika filamu yoyote. Yumo katika Kiswahili tu, na asipoandikwa, atakufa mara ya pili.