Kamera Yenye Subira

Miongoni mwa kazi ambazo zama zetu zimejaaliwa kuziona, sijui iliyo na haki zaidi ya kusifiwa kuliko kazi ya mtengenezaji wa filamu za hali halisi, ambaye bila ya mtaji mkubwa, bila ya waigizaji mashuhuri, na mara nyingi bila ya yakini kwamba atapata hata ukumbi mmoja wa kuonyeshea, huingia katika nyumba ya watu akakaa humo miaka, hata wenyeji wakazoea kuishi mbele yake. Hapa Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, wengi wetu tulilelewa na vibanda vya video, tukistarehe kwa filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama DJ Afro wa kwetu na Lufufu wa ng'ambo ya mpaka, wala malezi hayo siyadharau. Ila filamu nilizotazama karibuni zimenitaka niketi kwa namna nyingine.

Katika The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019, kijana Karisa anatoka Mombasa kurejea kwao Kilifi baada ya kupata habari kwamba nyanya yake ametuhumiwa uchawi. Na kwa kuwa watengenezaji hawana pupa ya kuhukumu, humwacha mtazamaji akae na ajuza huyo shambani mwake, ayasikilize mazungumzo ya jamaa zake, mpaka atambue mwenyewe kuwa nyuma ya tuhuma hiyo ipo ardhi inayotamaniwa. Ustadi huo ni mgumu, kwani msimulizi mwenye haraka angalitwambia jambo hilo mapema, nasi tungaliliamini bila ya kulihisi.

Softie ya Sam Soko, juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi, ilitunukiwa mwaka 2020 katika tamasha la Sundance tuzo maalumu ya uhariri, na kwa insafu kabisa: kila maandamano ya barabarani yamefuatishwa na meza ya nyumbani, ambapo mke na watoto wanalipa sehemu yao ya gharama.

Lakini iliyonigusa zaidi ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Julia Dahr, aliyetoka Norway, alimkabidhi kamera Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, naye akarekodi mwenyewe aila yake, ukame, mafuriko, na dhoruba iliyoiharibu nyumba yake, kisha akasafiri mpaka Paris mwaka 2015 kwenye mkutano wa mataifa juu ya tabianchi. Picha zake za usiku zina giza na mtikisiko ambao fundi wa studio angeuona aibu. Mimi nauona kuwa ndio fahari ya filamu hiyo, kwa sababu mkono unaotetemeka ni wa mtu ambaye paa lake ndilo linaloondoka.

Nasema haya nikiifikiria In the Name of Your Daughter, ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018, iliyorekodiwa Mugumu, mkoani Mara, ng'ambo ya mpaka, katika nyumba ambamo Rhobi Samwelly huwahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Mpaka uliowagawa Wakuria haukuigawa mila hiyo, na mwezi wa Desemba, msimu wa kukeketa, unatuhusu sisi kama unavyowahusu wao. Portenier ameifanya kazi yake kwa heshima na huruma, hasa pale binti anaporejeshwa mbele ya wazazi wake na uso wake ukaachwa useme. Hata hivyo natamani filamu ya pili, itakayorekodiwa na binti wa Kikuria wa upande wetu, akikaa na mama yake jikoni msimu mzima kama Kisilu alivyokaa na watu wake, na ikiwezekana akifika hata kwa wazee wa inchama, yaani baraza la mila, ambao ndio hupanga msimu huo, na ambao hakuna kamera niliyoiona mpaka leo iliyowasikiliza kwa kitambo cha kutosha.