Sauti Mbili za Kinyonga

Mpenzi wa muziki wa gitaa aishiye Moshi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa ndugu walioimba kana kwamba wana pumzi moja, maadamu Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George, wenyeji wa Tanga walioingia bendi ya Jamhuri Jazz mwaka 1966, walihamia Arusha mwaka 1970, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, ambako bendi yao ilipata jina la Simba Wanyika. Njia ya kutoka Tanga hadi Arusha hupita miguuni mwa Kilimanjaro, na nyimbo zao zilirejea huku kwa mawimbi ya redio, zikapanda hadi kwenye vilabu vya mbege vya mlimani. Wametukuzwa sana, na kwa haki. Ila ufundi wenyewe, yaani namna wimbo ulivyoungwa, haujapewa uchambuzi unaoustahili.

Tuanze na sauti. Ya kwanza hushika wimbo. Ya pili hukaa juu yake kwa kuruka noti moja ya ngazi, kisha huiandama hatua kwa hatua, ikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka. Hilo hata wanakwaya wetu wa Kilutheri wanaliweza. Ustadi wa akina Kinyonga umo katika silabi ya mwisho: husikii mmoja akiifunga irabu kabla ya mwenziwe, wala mmoja akivuta pumzi mahali ambapo mwingine angali akiimba. Huko Marekani, katika muziki wa bluegrass, Carter na Ralph Stanley wa Virginia, walioanza bendi yao mwaka 1946, walijenga muziki wao juu ya udugu kama huo, lakini sauti ya Ralph ilipaa kwa ukali, ikaupasua wimbo kwa huzuni. Ilhali kwa akina Kinyonga sauti ya pili haishindani na ya kwanza, bali huinenepesha tu, hata msikilizaji akadhani amesikia mtu mmoja mwenye koo pana.

Magitaa nayo yalifuata kanuni hiyohiyo ya kutoshindana, na hapa ndipo penye utamu. Gitaa la rithimu halikwanguliwa nyuzi zote kwa mpigo, bali mpigaji aliivunja kodi, yaani noti zinazolia pamoja, noti moja moja, akaifanya kifungu kifupi kinachojizungusha bila kuchoka. Gitaa la solo likaingia katika nafasi zilizoachwa. Na besi ikatamka noti mbili tatu, ikanyamaza, ikatamka tena. Ukimya huo wa besi, kwa maoni yangu, ndio uliowachezesha watu zaidi kuliko ngoma yoyote, kwa kuwa mwili wa mchezaji hulazimika kuijaza nafasi iliyoachwa tupu.

Fauka ya hayo, santuri za mizunguko 45 kwa dakika ziliwapa mpaka wa kufanyia kazi. Upande mmoja haukuweza kubeba wimbo wote wa dansi, hivyo ukagawanywa: upande wa kwanza ukapewa kisa na mashairi, na ukigeuza sahani, upande wa pili ukapewa chemko, magitaa yakajibizana na saksafoni, waimbaji wakirudi kwa kiitikio tu.

Mwaka 1978 ulileta mtihani. Omar Shabani, bingwa wa rithimu aliyeitwa "Profesa", na Tom Malanga wa besi waliondoka Simba Wanyika pamoja na wenzao, wakaunda Les Wanyika, na baada ya kujiunga John Ngereza wakatoa wimbo wa Sina Makosa. Mwaka 1980 George mwenyewe alijitenga akaanzisha bendi ya Jobiso, kabla ya kurudi kwa kakaye. Na bado mwaka 1992, mwaka aliofariki George, albamu ya Pepea ilitoka Uholanzi ikiwa na sauti zilezile mbili. Wilson alimfuata mwaka 1995.

Mgawanyiko huo umetuachia kipimo kizuri. Sikiliza Sina Makosa, nawe utatambua kwamba rithimu na besi ndizo zinazoubeba wimbo, mwimbaji akisimulia juu yake. Kisha sikiliza Pepea, iliyopigwa na mikono mingine kabisa, na kabla hata hujajua ni nani anayepiga gitaa utakuwa umekwisha kuijua bendi, kwa irabu ya kwanza ambayo ndugu wawili wameifungua pamoja.