Nambari ya Kifungu na Idadi ya Viboko: Urejeleaji wa Sheria ya Jinai ya Kijerumani Tanga na Usomaji wa Kusadikika

Uhakiki wa Kusadikika ya Shaaban Robert, tangu kitabu hicho kilipochapishwa mwaka 1951, umeelekea zaidi upande mmoja: nchi ile inayoelea angani ni istiari ya Tanganyika chini ya Waingereza, Majivuno ni sauti ya mtawala, na Karama ni mwananchi anayedai haki. Usomaji huo una nguvu, na hauna haja ya kubomolewa. Unaruka, hata hivyo, jambo moja lililo wazi katika maandishi yenyewe. Karama anasimamishwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria, na katika mashtaka hayo hakitajwi kifungu chenye nambari wala kanuni yenye jina. Mshtakiwa anatakiwa kujibu kosa lisilo na anwani. Sehemu hii inadai kwamba mahakama ya namna hiyo haikubuniwa kutoka hewani. Pwani ya kaskazini ya Tanganyika ilikuwa imeijua, na alama yake ya kwanza ilikuwa katika namna sheria ya jinai ilivyorejelewa, au ilivyoshindikana kurejelewa, chini ya Wadachi.

Kwa kuwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana sababu ya kuufahamu mtindo wa Kijerumani wa kurejelea sheria, ni lazima uelezwe kwanza. Maandishi "§ 242 Abs. 1 StGB" husomwa hivi: kifungu cha 242, aya ya 1, cha Strafgesetzbuch, yaani Kanuni ya Adhabu. Ni kifungu cha wizi. Alama § husimama mahali pa neno "kifungu". Ikiandikwa mara mbili, §§, vifungu ni zaidi ya kimoja. Abs. ni aya, S. ni sentensi ndani ya aya, Nr. ni nambari ya kipengele, na wako wanaoandika aya kwa tarakimu za Kirumi ili kufupisha zaidi. Herufi f. huongeza kifungu kinachofuata, ff. vifungu vinavyofuata. Kifupisho i.V.m. kina maana ileile ya maneno ambayo wanasheria wa Tanzania huyatumia kila siku, "kikisomwa pamoja na". Ikiwa kifungu kimebadilishwa na mwandishi anakusudia maneno ya kale, huongeza a.F. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ni StPO. Katiba haina §. Ibara zake hutajwa kwa Art., na hapo Kijerumani na Kiswahili cha sheria vinakutana bila kuambizana, kwani nasi tunatenga ibara ya Katiba na kifungu cha sheria.

Mwaka hautajwi. Kanuni ya Adhabu ya Dola la Ujerumani ilitolewa tarehe 15 Mei 1871 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1872, na tangu siku hiyo § 242 ni wizi na § 185 ni kumtukana mtu. Bunge likitaka kuingiza kosa jipya, huongeza herufi, kama § 129a, ili nambari za zamani zisisogee. Uthabiti huo si wa uchapaji tu. Kifungu cha 2 cha kanuni ya mwaka 1871 kilisema kwamba tendo haliwezi kuadhibiwa isipokuwa adhabu yake iwe imewekwa na sheria kabla tendo halijatendwa. Leo kanuni hiyo imo katika § 1. Anayeandika "§ 242" kando ya jina la mshtakiwa anakiri, apende asipende, kwamba kuna maandishi yaliyotangulia tendo, ambayo mshtakiwa anaweza kuyafungua, kuyasoma na kuyabishia.

Utaratibu huo ulifika Tanga, ila haukumfikia kila mtu. Mji ulikuwa na mahakama ya wilaya ya Wazungu, na Mjerumani aliyeiba huko alihukumiwa kwa StGB ileile ya Berlin. Njia ya kuifikisha StGB pwani ilikuwa mlolongo wa marejeo: § 3 ya Schutzgebietsgesetz, sheria ya makoloni ya mwaka 1900 iliyofupishwa SchGG, ikisomwa pamoja na § 19 ya sheria ya mahakama za mabalozi ya mwaka huohuo, KGG, na kutoka hapo hadi kifungu cha kosa. Ni mlolongo mrefu, lakini hauna pengo. Kila kiungo kina nambari.

Hatua moja tu baada ya § 3 mlolongo unakatika. Kifungu cha 4 cha SchGG kinawatoa wenyeji katika sheria hizo, isipokuwa pale amri ya Kaisari itakapowaingiza. Kilichowahusu wenyeji katika jinai kilikuwa amri ya Kansela wa Dola ya tarehe 22 Aprili 1896 kwa Afrika ya Mashariki, Kameruni na Togo. Amri hiyo ilichapishwa katika Kolonialblatt, gazeti la idara ya makoloni, kwa Kijerumani, na kwa kawaida hutajwa kwa tarehe yake. Ina vifungu, tena vyenye alama §. Ajabu yake ni kile ambacho vifungu hivyo vinakihesabu. Vinataja adhabu: viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, minyororo, kifo. Vinaeleza nani aweza kuzitoa na idhini ya nani inahitajika. Havitaji makosa. Hakuna kifungu cha wizi, hakuna kifungu cha tusi. Maofisa walizoea kuiazima StGB kama mwongozo, lakini hawakufungwa nayo, na mwenyeji hakuwa na haki ya kuwashikia nambari.

Amri hiyo iliwagawa watu wa pwani kwa namna nyingine pia. Waarabu na Wahindi hawakuruhusiwa kuchapwa kama adhabu, wanawake vilevile. Katika mji kama Tanga, ambamo Mdigo, Mbondei, Msegeju, Mshihiri na Mhindi walikutana soko moja, wizi wa kitu kimoja uliweza kuwa mambo matatu: kwa Mjerumani § 242, kwa Mhindi kifungo au faini isiyotokana na kifungu cha kosa, na kwa Mdigo fimbo.

Mahali pamoja tu amri ya 1896 inataja matendo ya mwenyeji kwa majina. Ni pale inapozungumzia watu walio katika mkataba wa kazi, ambao bwana wao angeweza kuomba waadhibiwe kwa kuchapwa au kufungwa minyororo kwa uzembe, ukaidi au kuondoka kazini bila ruhusa. Kwa pwani ya kaskazini hilo halikuwa jambo la pembeni. Hii ndiyo nchi ya mashamba ya Usambara na ya katani, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuanza kustawi upande wa Pangani. Mwizi hakuwa na kifungu. Mvivu alikuwa nacho. Mtu akitaka kujua dola linaogopa nini, na atazame linapokubali kuwa wazi.

Hapa kumbukumbu ya watu inatoa ushahidi ambao majalada hayautoi. Amri iliruhusu viboko visivyozidi 25 kwa mara moja, na pwani ikaipa idadi hiyo jina: hamsa ishirini. Neno hilo likashikamana na utawala wenyewe wa Wadachi. Ujerumani, nambari iliyotembea midomoni mwa watu kuhusu sheria ya jinai ilikuwa nambari ya kosa. Tanga ilikuwa nambari ya adhabu. Hamsa ishirini ni rejeleo, tena fupi kuliko "§ 242 StGB", lakini ni rejeleo lisiloelekeza kwenye maandishi yoyote. Linaelekeza mgongoni. Hatujui mtu alichapwa kwa nini. Tunajua alichapwa ngapi.

Pasidhaniwe kwamba watu wa pwani walikuwa wageni wa kurejelea sheria kwa maandishi, na kwamba Wadachi waliwanyima kitu wasichokijua. Makadhi wa Mrima walihukumu kwa madhehebu ya Shafii, na hoja zao zilitajwa kwa kitabu na mlango: Minhaji ya Imamu Nawawi, babu fulani. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy wa Tanga, mwana wa mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi, aliandika kuhusu mirathi na nikahi ndani ya desturi hiyo ya hoja inayotaja chanzo chake. Mtu wa Tanga aliyekwenda kwa kadhi juu ya urithi wa mamake aliweza kuambiwa hukumu imetoka kitabu gani. Aliyepelekwa bomani siku ya shauri juu ya kuku aliyepotea hakuambiwa. Tofauti hiyo aliifahamu vizuri kuliko wasomi waliokuja kuiandika baadaye.

Turudi kwa Karama. Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: Kusadikika ni ngano, na ngano haina haja ya nambari za vifungu. Ni kweli, na pingamizi hilo lingetosha kama Karama angeshtakiwa kwa uchawi au kwa uasi. Anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Katika nchi ambamo makosa yana vifungu, mwanasheria ni mtu wa kuchosha tu, katika nchi ambamo hayana, mwanasheria ndiye kosa lenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza "kifungu gani?" Majivuno hawezi kumvumilia Karama kwa sababu hana jibu la swali hilo. Kwa hiyo kutokuwepo kwa kifungu katika mashtaka si upungufu wa ngano. Ndiko kunakoyafanya mashtaka yaeleweke.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, na Tanga iliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Alikuwa mtoto. Utu uzima wake wote wa kazi, kuanzia forodhani Pangani, aliupitisha katika serikali ya Kiingereza, na mwaka 1930 Tanganyika ilipata Kanuni ya Adhabu yenye vifungu vilivyohesabiwa, iliyochukua nafasi ya kanuni ya India. Je, si sahihi zaidi kusema kwamba hakimu wa Kusadikika ni Mwingereza asiyefuata sheria yake? Jibu ni kwamba pingamizi hili, likitazamwa kwa karibu, linaiimarisha hoja. Karani wa serikali aliyeshughulika na sheria za ushuru alijua namna rejeleo la kisheria linavyoandikwa. Kama angetaka kuichora mahakama ya Kiingereza angeweza kumpa Majivuno kifungu kibaya, na kejeli ingekuwa kali. Hakufanya hivyo. Aliiacha mahakama isiyo na kifungu kabisa, na mahakama hiyo ilikuwa ya zamani kuliko Mwingereza. Wala Mwingereza hakuifuta yote: katika mahakama za wenyeji mawakili hawakuruhusiwa, na mlango huo ulibaki umefungwa kwa muda mrefu. Istiari ya Kusadikika ina tabaka mbili, na wahakiki wameichimba ya juu tu.

Utetezi wa Karama nao unapata maana mpya ukisomwa hivyo. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine kuleta mambo mema, wakarudi na kutiwa gerezani. Wahakiki wamezisoma habari hizo kama mahubiri ya maendeleo, na baadhi wamelalamika kwamba zinachelewesha kesi. Hazicheleweshi. Kwa kuwa hana kifungu cha kukanusha, Karama anatumia njia pekee iliyobaki: analeta hukumu zilizopita, moja baada ya nyingine, kwa jina la aliyehukumiwa. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini ni marejeo yake. Anaijengea nchi isiyo na kanuni orodha ya kesi, na mwishoni baraza linalazimika kuamua kwa orodha hiyo. Wafungwa wanatolewa. Hapo Shaaban Robert ni mwanasheria hodari kuliko wengi waliomhakiki.

Jambo hili lina uzito wa leo, na si kwa fasihi peke yake. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa hesabu ya Toleo la 2022, kinataka hati ya mashtaka itaje kifungu kinachounda kosa, na rufaa zinazolalamikia kifungu kilichotajwa vibaya au kisichotajwa zimekuwa nyingi. Mahakama ya Rufani imeamua mara kadhaa kwamba dosari ya namna hiyo yaweza kutibika ikiwa mshtakiwa alielewa kosa lake. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mashtaka hayo yanapaswa kusomeka kwa Kiswahili, na hapo linazuka tatizo ambalo Mjerumani hana. Kijerumani hupanga "§ 211 StGB" bila kiunganishi. Kiswahili kinadai "kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16", na kila "cha" inabeba upatanisho wa ngeli unaomwambia msikilizaji kipi ni sehemu ya kipi. Wanaopendekeza "kif. 196 KA" wanaokoa nafasi kwenye karatasi. Lakini kizimbani mashtaka husomwa kwa sauti, na mvuvi wa Moa au mkata katani wa Muheza hatayaona maandishi, atasikia. Vifupisho vinafaa vitabuni na katika kumbukumbu za rufaa, ambako msomaji anaweza kurudi nyuma. Katika hati ya mashtaka kifungu kiandikwe kwa kirefu, pamoja na toleo lake, kwa sababu nambari za Tanzania, tofauti na zile za StGB, hazina ahadi ya kubaki mahali pamoja toleo linapobadilika.