Hongo na Waja Wake: Neno la Ibada katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Tamthiliya ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969, imekwisha kuandikiwa mengi. Wengi wa walioihakiki wameitazama kama mchezo wa siasa: umoja wa makabila, unyonge mbele ya bunduki, na mzigo wa uongozi. Hayo yote yamo. Walakini liko jambo moja linalopitwa upesi, nalo ni namna mungu na waja wake wanavyosemezana katika ulimwengu ule aliouumba mwandishi. Nia ya makala haya ni kulitazama jambo hilo kwa jicho la lugha, na kuonyesha kwamba shaka kuu ya mchezo huu imetokana na neno la ibada lililosikiwa kana kwamba ni neno la mkataba.

Kwanza yatupasa kutenga watu wawili. Mwandishi mwenyewe amemwonya msomaji katika utangulizi kwamba mtu wake ni kiumbe cha sanaa. Wanahistoria humwandika yule mwingine Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Katika makala haya, Kinjikitile ni wa historia na Kinjeketile ni wa jukwaani.

Tuanze na ibada yenyewe. Kusini mwa Tanzania, tangu kwa Wamwera wa Nkowe na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea mpaka kwa Wamakonde, Mungu huitwa Nnungu, na mizimu ya wazee huitwa mahoka. Nnungu yu mbali. Mahoka wako karibu. Mzee aliyemwaga unga wa mtama chini ya mti hakuwa akinyenyekea tu. Alikuwa akidai pia. Aliwataja wafu kwa majina, akawaeleza shida, akawakumbusha kwamba walio hai wametimiza wajibu wao na kwamba zamu sasa ni yao. Lugha ya tambiko ni lugha ya watu wanaojuana, na kila upande una haki juu ya mwenziwe. Mvua isiponyesha, watu hawakusema kwamba mahoka hawapo. Waliuliza ni nani aliyekosa, na wapi.

Ushahidi uliokusanywa na Gilbert Gwassa na John Iliffe katika miaka ya 1960 waonyesha kwamba mambo ya Ngarambe yalijengwa juu ya msingi huo huo. Kinjikitile alipagawa na Hongo, akazama katika maji ya mto, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Kisha alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-nungu, na waliokwenda huko waliamini kwamba wataonana na wazee wao waliokufa. Jina hilo lastahili kuangaliwa. Nungu wa Ngarambe na Nnungu wa Wamwera ni mzizi mmoja. Na katika nyumba ile Mungu wa mbali na mizimu ya karibu walikutanishwa chini ya paa moja. Basi maji yalipofika bara ya Lindi, hayakuja na mungu mgeni. Yalikuja kwa jina lililokwisha kujulikana, nayo yalikuja na masharti: mpiganaji asiingiliane na mwanamke, asipore mali. Mwezi Agosti 1905 misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto.

Sasa tuitazame tamthiliya. Hussein amemnyamazisha Hongo. Mungu huyu hana sehemu ya kusema. Twamjua kwa jinsi anavyomvuta Kinjeketile kwenda majini, na kwa maneno anayoyatoa Kinjeketile akiisha kurudi. Kwa hivyo njia zote za mazungumzo zimebanwa zikawa moja. Mtu mmoja amesikia, na umma wote wamsikiliza yeye. Hakuna mzee awezaye kwenda kwa mizimu yake mwenyewe kuuliza kama habari ile ni ya kweli. Huu ni ufundi mkubwa wa jukwaa, maana watupa mtu mmoja aliyebeba uzito wote. Lakini pia umebadili dini yenyewe. Ibada iliyokuwa ya watu wengi imekuwa ufunuo wa mtu mmoja, na ufunuo wa namna hiyo hufungua mlango wa shaka ambao tambiko halikuwa nao.

Mlango huo wafunguliwa na neno la Seyyid Said. Akiwa bado katika hali ya kupagawa, Kinjeketile atangaza kwamba Wajerumani wakiondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili zikimrudia, neno hilo lamtesa. Ya nini kumtoa bwana mmoja ili kujiweka chini ya mwingine? Kuanzia hapo aanza kushuku kwamba Hongo amemdanganya, au kwamba aliyesema hakuwa Hongo.

Hapa mwanalugha ana la kusema. Seyyid Said alikufa mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Katika ushahidi wa wazee, kuwa jamaa ya Seyyid Said kumetajwa pamoja na majina ya makabila, kwa maana kwamba huyu na yule, wa kabila hili na la lile, wote ni nyumba moja. Jina la marehemu limetumika kama jina la mzee wa ukoo: halitawali, lakusanya. Neno mtoto nalo lina maana pana katika Kiswahili. Hutajwa mtoto wa kuzaliwa, na hutajwa pia mtu wa nyumba ya fulani. Kwa hivyo msemo uliokuwa wa kuwaunganisha waja umegeuzwa na Hussein kuwa msemo wa kumtenga nabii na mungu wake. Kinjeketile ausoma usemi wa ibada kama vile mwanasheria asomavyo hati.

Je, hili ni kosa la mwandishi? Siliiti kosa. Msanii ana haki ya kuvunja na kujenga upya, na kwa kuvunja huku amepata mwisho wa tamthiliya wenye nguvu kuu. Kinjeketile, akiwa kifungoni, atakiwa akiri kwamba maji ni uwongo, naye akataa, ijapokuwa yeye mwenyewe hana tena yakini. Ajua kwamba neno limekwisha kumtoka na kuwa la watu, na kwamba kulikana ni kuwanyang'anya watakaokuja baadaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo ibada ya zamani inaporudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye neno tena si nabii, ni waja.

Lakini gharama yake yaonekana darasani. Tamthiliya hii imesomeshwa katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa Nkowe huweza kufundishwa kwamba babu zake walikufa kwa sababu walidanganywa na maji. Hesabu ya Serikali ya Wajerumani ilitaja wafu 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata vita. Kuwaita wote hao wajinga ni hukumu nzito. Ulimwengu wa tambiko ulikuwa na jibu lake kwa kushindwa, yaani masharti yaliyovunjwa, na jibu hilo liliwaachia watu heshima ya wenye wajibu. Tamthiliya haikujengwa juu ya jibu hilo. Imejengwa juu ya shaka ya mtu mmoja.

Kwa hivyo mwalimu anayeifundisha Kinjeketile afanye kazi mbili. Aisome kama sanaa iliyotimia, kwa sheria zake yenyewe. Kisha awaambie wanafunzi wakaulize nyumbani kwao neno mahoka, na namna mzee alivyosema na wafu wake alipomwaga unga. Wakilisikia neno la Seyyid Said baada ya hapo, watalipima kwa masikio mawili: la jukwaa, na la wale waliokwenda Ngarambe.